Sikio la Dhahabu Ndani ya Basi la Kazini

Dubai nzima hakuna sikio kama langu. Wimbo mbovu naunusa kabla haujaanza.

Ndiyo maana jana Kevo, tunayelala naye chumba kimoja hapa Al Baraha, alinisikilizisha wimbo aliomrekodia mamake kwa simu. Besdei ya mama ni kesho.

Nikavaa earphone zangu, zilezile ninazotengenezea nyimbo zangu. "Bro, gita iko wapi? Hii ni aibu. Futa!"

Akafuta.

Leo asubuhi kwa basi la kazini, dereva akaniachia spika niwapigie wenzangu wimbo wangu.

Jamani.

Waliokaa kushoto wanapigwa na ngoma mpaka vioo vinatetemeka. Waliokaa kulia wananisikia mimi tu, nikilia bila mdundo.

"We fundi, umejigawanya?" supavaiza akauliza.

Foleni haisongi, mlango umefungwa, na wimbo ni dakika sita. Nani alinituma dakika sita?

Kevo akachukua earphone zangu, akajaribu.

"Ya kushoto imekufa, bro. Tangu lini?"

Sijui. Miezi?

Chekeni tu, nimewaruhusu. Lakini gita ya Kevo ilikuwepo, upande wa kushoto. Na hakuwa na nakala nyingine.