Vidonge vya magoti vilivyomtoboa bibi yetu tumbo

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa shikamoo. Haya niliyaona mwenyewe, sikusimuliwa.

Siku ya tukio nyumbani Bombambili tulikuwepo mimi, wadogo zangu Ostina na Gaudensi, Bibi Kolumba mzaa mama, na Saidi, jirani yetu wa bodaboda, mtu wa Tunduru.

Wazazi walifariki mapema. Mimi mkubwa niliacha shule kidato cha pili nikafyatua tofali, bibi akalima. Ndivyo tulivyofika hapa.

Sasa bibi ana magoti. Asubuhi hasimami bila kushika ukuta. Nikamnunulia vidonge vya maumivu, diclofenac, duka la dawa.

Wakuu, ilifanya kazi! Siku ya pili yuko shambani Mpitimbi anapalilia mahindi. Nikatamba kijiweni kwamba bibi yangu amerudia usichana.

Ikawa kila alfajiri kidonge na maji, tumbo tupu. Kwetu mtu halimi ameshiba, unakula ukimaliza ngwe. Magoti yakizidi, anaongeza na brufen, nayo ya maumivu. Miezi minne hivyo.

Akaanza kupata choo cheusi kama lami. Akafurahi! "Uchafu wa baridi yabisi unatoka." Nami nikaamini.

Ostina alikuwa amerudi likizo kutoka chuo cha uuguzi. Aliposikia hivyo akafunua kope za bibi, ndani kweupe, damu hakuna.

"Kaka, hicho choo ni damu. Tumbo linavuja. Twende hospitali."

"Mwache amalize uji."

"Kaka, atakufa!"

Hajawahi kunipandishia sauti. Nikainuka.

Saidi akawasha pikipiki, bibi katikati, mimi nyuma nimemshika.

"Nimewalea kwa miguu hii, leo mnanibeba kama gunia?"

"Gunia halisemi, bibi. Tulia," Saidi akamjibu.

Kweli, vidonda vya tumbo vilikuwa vinavuja. Daktari akatueleza: dawa hizi zinatuliza maumivu na uvimbe, ila goti lililolika hazilirudishi. Mzee akizimeza muda mrefu, tena mbili kwa pamoja, zinaweza kuchimba tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha.

Akauliza nani alikuwa ananunua. Nikasema mimi.

Bibi aliongezewa chupa tatu za damu, akapona. Sasa ana fimbo, mazoezi mepesi, kitambaa cha moto, na panadol kwa kipimo alichoandikiwa. Maumivu hayajaisha yote. Anatembea polepole na kutugombeza kwa sauti ileile. Shamba tunalima sisi.

Nitajivuna kidogo, mniwie radhi. Kuna tofali nilifyatua na homa mwilini ili ada ya Ostina itimie. Hakuna hata moja iliyopotea bure.

Msimfanyie mzee nilichofanya mimi. Apimwe kwanza, na choo kikiwa cheusi msisubiri uji uishe. Wenye wazee wa magoti, nyie mnawasaidiaje? Shusheni uzoefu hapa.

Hospitali walituomba turudishe zile chupa za damu kwa ajili ya wagonjwa wengine. Gaudensi alitoa, Saidi akatoa bila kuombwa mara mbili. Mimi presha ilikuwa juu siku ile, wakaniambia nirudi ikishuka.

Chupa moja bado nadaiwa.