Korongo Walipopita Troyeville

Ka-ka-ka-ka. Nilimsikia kabla sijamwona. Hata leo nikisikia miko ikigongana jikoni kwa mtu, mkono wangu mmoja hupapasa kifundo cha mwenzake, kutafuta uzi.

Tulikuwa tumehamia Troyeville, mtaa wa jiji la migodi ya dhahabu kusini mwa Afrika, mimi na mama, msusi kutoka Bujumbura aliyeshinda saluni hadi jioni. Sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. Nilipochungulia nikamkuta bibi wa Kibulgaria akigonganisha miko miwili ya mbao.

"Ndivyo wasemavyo korongo juu ya paa la kwetu," alinieleza kwa Kiingereza chake kizito. "Wewe unasemaje?"

Nikasema nina njaa. Akanipa maziwa ya mgando, aliyokuwa ameyafunika kwa koti la marehemu mumewe kama mtoto mwenye homa.

Tangu hapo alasiri zangu zikawa zake. Alisimulia huku akimenya pilipili hoho za kuchoma: zamani kijijini kwao watu walinong'ona hata jikoni kwa kuogopa serikali, kisha uhuru ukaja, wakacheza barabarani na wasiowajua, kisha kiwanda cha nguo kikafungwa. "Uhuru ulifungua mlango," alisema, "sote tukatoka."

Kila Machi mosi alinifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe. Kwao huvuliwa siku umwonapo korongo wa kwanza, ukafungwa mtini. Kwao Machi korongo wanafika. Kwetu huku kusini ndipo wanapoondoka.

Mwaka ule dada yake aliandika: nyumba tatu tu kijijini bado zinatoa moshi, njoo uwashe ya nne. "Sijui nitamkuta nani," bibi akasema, "lakini korongo wakipita nitawafuata. Macho yangu hayafai tena. Wewe utaniambia."

Niliwaona Jumanne, wengi mno, wakizunguka juu ya mlima wa mchanga wa migodi. Nikashusha mkono wa sweta, nikaficha uzi.

"Bado, Bibi."

Wiki mbili, bado. Mama alinicheka: "Eish, korongo wa mwaka huu wamekosa nauli?"

Kisha bibi akaja kwetu na sanduku. Akapandisha mkono wa sweta yangu, akaugusa uzi uliochakaa.

"Mwenye spaza, kile kiduka cha kona, aliniambia wamepita, Jumanne ileile," alisema. "Nilikungoja wewe, mwanangu. Sasa baridi inaingia."

Upande ule wa ukuta sasa wanashona viatu. Sikujua kamwe kama moshi wa nne ulipanda. Uzi sikuufunga mtini. Ulikatika wenyewe, sijui wapi. Ninachokikumbuka vizuri ni mgongo wake, koti la mumewe mabegani, na mlango wetu ukijifunga nyuma yake, mimi nikiwa ndani.