Mkono wa Mwenzangu wa Dawati

Mwanangu akichonga penseli, ile harufu ya mbao hunirudisha darasani, Mji wa Kale. Shule sikufika mbali, nikaenda zangu Liwatoni kuparua samaki, lakini hilo la siku nyingine. Mwenzangu wa dawati aliandika kwa mkono wa kushoto, hati nzuri kupita yangu. Mwalimu, mama mpole, akaniambia, "Mshikilie huo, babangu. Huo wa chooni, si wa kalamu."

Nikaushika chini ya dawati, nikaufinya. Herufi zake za mkono wa kulia zikaanguka ovyo.

"Niwache, waniumiza!"

"Mwalimu kasema."

Mwalimu alisema nishike tu. Kufinya kulikuwa kwangu, maana siku ile, kwa mara ya kwanza, hati yangu ndiyo iliyopendeza.