Ndege Aliyeburuta Bawa

Tulikuwa wanne katika majani marefu ya kwetu Cyanzarwe: mimi, dada yangu Mwamini, shangazi Zaina aliyemfuata baba kuzaliwa, na Kabagwira jirani yetu. Kesho yake ilikuwa Idi, tukakata majani laini ya kutandika sakafuni kwa ajili ya wageni.

Ndege mdogo wa rangi ya udongo akatoka miguuni pangu, akiburuta bawa na kulia.

"Shangazi, ile ndege iko na bawa ya kuvunjika."

"Basi mukamate, we mwenye mbio," akanicheka.

Nikamfuata kwa huruma, nimfunge kitambaa. Kila nikikaribia alisogea kidogo. Tulipofika mbali akaruka, mzima kabisa. Nikaona amenichezea. Nikarudi na hasira, nikawaambia wakate yote pale alipotoka, asipate pa kujificha.

Mundu wa Mwamini ukapita juu ya kiota. Makinda mawili yalikatika, la tatu lilikuwa bado linafungua mdomo. Kabagwira akayafunika kwa majani.

"Mama yao aliwatupa," nikasema.

Juzi, miaka mingi baadaye, katapila ilichimba majani ya mwisho kule, ili watu wajenge nyumba. Ndege kama yule alikuwa mbele yake, akiburuta bawa. Sasa najua alikuwa anaivuta mbali na watoto wake, kama yule alivyonivuta mimi.

Wenzangu watatu wamekufa. Wewe unayesoma, kama uliwajua na walikusimulia kwamba si mimi niliyesema wakate, nisahihishe. Ningefurahi kuwa nimekosea.