Maktaba Iliyowakusanya Akina Bukuru

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vita, hapa Bujumbura, mwanamke aliyeitwa Marthe alisimama mbele ya meza yangu. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Spès, machine inasema huyu ni mutoto wangu. Mi nasema apana. Sasa nani anajua nilizaa nani, mi ao machine?"

Mwanangu, wewe leo unaandika amri moja tu na maktaba za programu za watu usiowajua zinashuka zenyewe na kuingia kwenye kazi yako. Usinicheke nikikwambia kwamba zetu zilikuja kwa ndege, ndani ya CD, mfukoni mwa mtu. Katika kazi hii ya kompyuta mtu akifika miaka hamsini tayari ni bibi, basi nisikilize kama unavyomsikiliza bibi, hata nikizunguka kidogo.

Ofisi yetu ilikuwa mjini, ya shirika dogo lililowatafutia jamaa watoto waliopotezana na wazazi wao katika kukimbia. Risasi zikianza, huyu alikimbilia huku, yule kule. Mtoto alishikwa mkono na jirani, jirani naye akampoteza njiani. Mimi niliajiriwa kutengeneza mfumo wa wavuti. Vituo vya watoto vilikuwa viingize habari za watoto, sisi tuingize habari za wazazi, na mfumo useme mtoto gani anaelekea kuwa wa mzazi gani. Umeme ulikwenda na kurudi, laini ya simu ilikatika ilipotaka, na jioni kila mtu aliwahi basi kabla ya saa ya kukatazwa kutembea usiku. Hata hivyo niliipenda sana kazi ile. Nilikuwa kijana, na nilidhani nimepewa dawa ya kuponya nchi.

Kulikuwa na jambo moja lililonishinda, nalo ni kulinganisha majina. Kila karani alikuwa akiandika jina lilelile kivyake. Basi mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Ulaya akaniletea CD yenye maktaba. Kwa asiye mtu wa kazi hii, maktaba ya programu ni kazi ambayo mtu mwingine ameshaiandika. Unaiunga kwenye yako, unaiita, inakujibu, nawe huhitaji kujua imefikiri vipi. Hii uliipa majina ya watu, yenyewe ikakurudishia familia. Niliijaribu kwa majina ya mfano yaliyokuja nayo, majina ya kizungu yote, ikajibu bila kusita. Nikaiunga siku ileile.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, ambaye alikuwa ameandika programu za benki tangu enzi za kadi zilizotobolewa matundu ili kompyuta izisome. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama, akauliza kitu kimoja tu.

"Ulisoma ndani yake?"

Nikamwambia hakuna haja, watu wengi duniani wanaitumia na hawajalalamika.

"Aa. Basi wao wako na raha," akasema, akaenda kuswali.

Sikuelewa kama amenisifu au amenisema. Niliamua amenisifu. Ujana ni moshi, mwanangu, ukienda haurudi, na wakati upo huwezi kuona vizuri.

Sasa turudi kwa Marthe. Alikuwa mtu wa mtaa wa Kamenge, na baada ya kukimbia alipata mahali pa kuuzia ndagala, dagaa wa ziwa letu, katika soko la Jabe. Jina lake la pili lilikuwa Nduwimana. Binti yake mdogo, Kaneza, alimponyoka mkononi siku waliyokimbia, na tangu hapo alikuwa akizunguka kituo hadi kituo. Nilipoingiza habari zake, mfumo ukampa mtoto mmoja, rangi ya kijani, maana yake ni kwamba una hakika: Aline Nduwimana, umri uleule, yuko kituo cha Mutakura.

"Wangu ni Kaneza," Marthe alisema.

Lakini kituoni walituambia kuwa watoto wadogo mara nyingine husahau jina, au aliyewaokota huwapa jina jipya. Hilo lilikuwa kweli, tuliliona mara nyingi. Basi Marthe akavaa kikwembe chake kizuri, kitenge cha kutokea, akaenda na moyo wake wote. Mtoto naye alikuwa ameambiwa mama anakuja. Walimwogesha, wakamvika viatu, wakamkalisha mlangoni. Marthe alimwinamia, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akamtazama hata nyuma ya masikio. Hakuwa Kaneza. Mtoto alishika kikwembe chake na hakutaka kukiachia.

Ndipo asubuhi iliyofuata akaja na lile swali. Nikamwambia tutatafuta upya. Nikabonyeza. Aline. Nikafuta habari zake, nikaziandika tena neno kwa neno, nikabonyeza. Aline, kijani kilekile. Marthe akaketi. Akaanza kusema taratibu, kama mtu anayejisemea, kwamba labda vita vimemharibu macho, labda mtoto amebadilika sura, labda mama anaweza kumsahau mtoto wake. Mwanangu, kumsikia mama anajishuku kwa sababu ya kitu nilichokiunga mimi, nilitamani ardhi ipasuke.

Nami nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko yeye. Nilikagua kila kitu nilichokiandika kwa mkono wangu, na kila kitu kilikuwa sawa. Laini ilikuwa sawa. Habari zilikuwa sawa. Nikiwa bado nakagua, simu ikalia kutoka Mutakura, mhudumu anacheka.

"Spès, mumetupatia famille moja ya akina Bukuru. Wote ni Bukuru. Hiyo mama alizaa namna gani?"

Kwetu, pacha anayetangulia huitwa Bukuru na anayefuata huitwa Butoyi, katika kila nyumba yenye mapacha, nchi nzima. Mfumo ulikuwa umewakusanya akina Bukuru wote ukasema ni ndugu, akina Butoyi wote nao ndugu upande wao, na hivyo kila pacha akatengwa na pacha mwenzake. Mhudumu aliacha kucheka alipokumbuka jambo. Makundi ya ndugu yalikuwa yanapelekwa mji wa Gitega, katikati ya nchi, kwenye nyumba kubwa zaidi, na barabara ilikuwa ikifunguliwa tu kunapokuwa na msafara wenye ulinzi. Kundi la kwanza lilikuwa limeshaondoka. La pili lilikuwa liondoke kesho kutwa.

Nikaenda kwa Mzee Rajabu. Nilitegemea kelele, nikakuta upole, na upole ulinichoma zaidi. Alivua miwani akaniuliza, "Spès, baba yako anaitwa nani?"

"Bigirimana."

"Na we?"

"Ndayisenga."

"Na kaka yako?"

"Nzeyimana."

"Basi we na kaka yako si batoto ba nyumba moja."

Nilijua tangu nizaliwe kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa mambo ya siku ile, kwa shukrani au kwa majonzi ya wazazi. Aliyeandika maktaba ile anatoka mahali ambapo jina la baba linawafuata watoto wote. Hakudanganya. Aliandika nyumba yao jinsi ilivyo. Jambo lisiloniingia akilini hadi leo ni langu mimi: nilipoketi mbele ya kompyuta, nilisahau nyumba yetu, nikawa kama sijawahi kula na kaka yangu mwenye jina jingine.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Mzee Rajabu akasema. "Mugeni ukimuingiza kwako, unamuuliza kwanza kwao banaishi namna gani. We ulimupa funguo siku ya kwanza, ukaenda kulala. Sasa leta kiti tusome."

Tulisoma mchana kutwa, yeye na miwani yake, mimi na aibu yangu. Hakukuwa na siri yoyote. Jina la pili, au jina pekee kwa asiye na la pili, likifanana, ni familia moja: ndivyo mistari ilivyosema, waziwazi, kwa yeyote ambaye angeifungua. Nilitaka kuitupa maktaba yote. Mzee akanizuia. Sehemu yake ya kutambua jina lililoandikwa kwa namna tofauti ilikuwa nzuri kuliko chochote ambacho sisi wawili tungeandika kwa mwaka, akasema, na hasira si fundi. Tukaibakiza hiyo. Sehemu ya kutengeneza familia tukaikata, tukaandika yetu, fupi, inayouliza kama wanavyouliza wazee wa kwetu: mama yako nani, baba yako nani, unatoka kilima gani au mtaa gani, nduguzo wanaitwaje, ulikimbia pamoja na nani. Kisha tukaijaribu kwa nyumba yetu. Nilipoona mimi na Nzeyimana tumetokea pamoja chini ya Bigirimana, nilitokwa na machozi, na Mzee akajifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake Marthe akaja, nikamwingiza upya kwa maswali mapya. Mfumo ukamtoa Kaneza. Alikuwa katika kituo kingine, karibu na hospitali kule Kamenge, umbali mdogo tu kutoka nyumba waliyoikimbia. Alikuwa amewekwa pamoja na akina Kaneza wengine ambao hata hawakufahamiana, na kwa kuwa mfumo ulimhesabu kuwa ameshapata ndugu, haukumwonyesha tena kwa mzazi yeyote. Alikuwa katika kundi la kwenda Gitega.

Simu ya kituo haikupatikana. Tulikwenda wenyewe, mimi na Marthe, sehemu kwa basi na sehemu kwa miguu. Tulikuta vifurushi vya watoto vimeshafungwa na kupangwa ukutani kwa safari ya kesho. Kaneza alikuwa amekalia cha kwake. Hakukimbia. Alitazama miguu ya mama yake kwanza, akapanda na macho hadi usoni.

"Mama, umekawia," akasema.

Marthe alipiga magoti, na mimi nikageuka ukutani, kwa sababu kuna mambo ambayo si ya kutazamwa na mtu wa kompyuta.

Tulipotoka getini, Kaneza mgongoni ingawa alikuwa mkubwa mno kubebwa, Marthe akasimama ghafla.

"Na ule mwingine?"

Nikamwambia Aline si wake, tulikosea, tumesharekebisha.

"Mi najua si wangu. Lakini mulimuambia mama yake anakuja. Akavaa viatu. Sasa nani ataenda kumuambia apana?"

Tulimtafutia Aline jamaa zake kwa mfumo mpya, kwa muda mrefu, kwa kila jina na kila kilima, na hakuna aliyetokea. Marthe alikuwa akienda kumwona kila Jumapili na ndagala kidogo ndani ya sahani. Mwishowe, kwa karatasi zote zinazotakiwa, akamchukua. Hivyo mwanamke aliyepoteza mtoto mmoja akarudi nyumbani na wawili.

Usikimbilie kushangilia. Katika kundi lile la kwanza lililokwenda Gitega alikuwamo Butoyi mmoja, na Bukuru wake alibaki Mutakura. Barabara ilifungwa. Tulipomrudisha, walikuwa wametengana kwa muda mrefu hata wakawa kama wageni, mapacha wale. Waliketi kwenye benchi moja, kila mmoja akitazama mikono yake. Picha hiyo ninayo pia, na siwezi kuchukua ile ya Marthe nikaiacha hii.

Aline sasa ni mama wa watu. Juzi alinitembelea akaniuliza, "Shangazi, ni kweli machine ilikosea?" Nikasema ni kweli. Akaniuliza tena, "Na kama haingekosea, mi ningekuwa wapi?" Nilimmiminia chai. Mwanangu, nimekwambia tangu mwanzo kwamba nina maswali yasiyo na majibu, na hilo ndilo kubwa lao. Sijui kama nimshukuru Mungu kwa kosa lile au niombe msamaha. Siku nyingine nafanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kuna ninalolijua, nalo nakuachia. Azima, usione haya. Hakuna anayejenga nyumba kwa matofali aliyoyafinyanga yote peke yake, na mwenye kiburi cha kuandika kila kitu mwenyewe hamalizi. Ila unachoazima kifungue ukisome, hata kama dunia nzima inakitumia, kwa sababu dunia nzima hailali chumbani mwako. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, na waliosema hivyo walikuwa wameshaazima. Kijaribu kwa majina ya mama yako na ya jirani zako, usikijaribu kwa mifano kiliyokuja nayo. Kiunge kwa namna ambayo ukitaka kukikata kesho hutabomoa ukuta. Na kijani kikiwaka mbele ya mtu anayesema hapana, msikilize mtu kwanza, kisha urudi ukaulize kijani kinajua nini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kusoma unachopewa, na Mzee Rajabu wako wa kukuuliza jina la baba yako siku utakaposahau kwenu. Na mtoto yeyote atakayevaa viatu akakaa mlangoni, kwa sababu kazi yako imemwambia mama anakuja, mama na aje.