Adui Alipobisha Hodi Angani

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni nilikuwa nimezozana na mkurugenzi wetu, Shaibu, mpaka fundi wa taa akatoka nje kwa aibu. Mimi ndiye mwandishi wa *Majirani wa Angani*, tamthilia ya televisheni kuhusu watu wetu wanaosafiri kati ya nyota kwa chombo kiitwacho Jirani. Chombo hicho hakina silaha. Yeyote anayekutana nacho huko gizani hubisha hodi, na nahodha wake, Hawa, huitikia karibu. Ndivyo alivyoibuni tamthilia hii marehemu Mwalimu Saida, aliyenifundisha kuandika, na ndivyo tulivyoiandika pamoja mpaka ugonjwa ukamchukua.

"Watazamaji wamechoka na amani, Mwajuma," Shaibu aliniambia. "Tupe vita. Adui abishe hodi, Hawa afunge mlango, awalipue."

Nikamwambia awalipue yeye. Akasema asubuhi nimletee vita, la sivyo kazi anampa mwandishi mwingine. Nikaondoka naapa moyoni kwamba risasi haitaingia kwenye tamthilia ya Mwalimu nikiwa hai.

Sijui usingizi ulinipitia vipi. Najiona niko darasani, kwenye shule yangu ya zamani, nafuta neno VITA ubaoni. Nafuta, linarudi. Nafuta kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa upindo wa khanga, linarudi limenenepa. Nageuka kutafuta kitambaa, na darasa halipo tena. Niko ndani ya Jirani.

Wala si ile Jirani yetu ya studioni, ya mbao iliyopakwa rangi ya fedha. Hii inanguruma chini ya nyayo zangu. Nyota zinapita dirishani, nyingine ziko karibu hivi kwamba naona vumbi lake. Nikacheka peke yangu kama mtoto siku ya sikukuu. Nikapapasa kuta, nikakuta ni za chuma kweli, na za baridi. Na Hawa yule pale, si mwigizaji wake, ni Hawa mwenyewe, ananitazama kana kwamba alikuwa akinisubiri mimi.

Kisha tukapigwa. Chombo kikalala ubavu, sufuria zikaruka jikoni, mpishi akabaki amekumbatia mfuniko. Dirishani kikatokea chombo chekundu, kikubwa, cha wale maadui ambao Shaibu aliwataka na mimi nikawakataa. Kinawaka moto upande mmoja. Kinatusogelea. Halafu, kwenye mlango wetu, sauti:

"Hodi."

Hawa hasemi karibu. Ananigeukia mimi. "Mwandishi, tufanye nini?"

Nami, niliyeapa kuitetea amani ya Mwalimu, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Zimeni taa. Kaeni kimya wadhani hatupo."

Taa zikazimwa. Tukajibanza ukutani, wote, tunapumua kidogo kidogo kama watu wanaomkwepa mgeni saa ya chakula. Ningecheka, lakini wangenisikia.

"Hodi," sauti ikarudia, na safari hii nikaijua. Ilikuwa ya Mwalimu Saida.

Mama alikuwa akituonya tangu tukiwa wadogo: marehemu akikuita ndotoni usiitike, utamfuata. Na nilikuwa najua kabisa kwamba ninaota, na kwamba yeye amekufa, na kwamba akibisha mara ya tatu bila jibu atageuka aende zake, maana Mwalimu hakuwa mtu wa kung'ang'ania mlango wa watu. Nilimtamani. Nilimwogopa. Vyote viwili vilinijaa kifuani mara moja.

"Hodi."

Nasikia hatua ya kwanza ya mtu anayeondoka.

"Karibu!" nikapiga kelele. "Karibu, Mwalimu, karibu ndani!" Nikauvuta mlango kwa mikono miwili.

Anaingia akiwa na miwani yake ileile, lakini amevaa sare nyekundu za maadui, zimeungua begani. Nyuma yake wamesimama wengine, wamejaa masizi, wanashikana. Sioni kama wana silaha au hawana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia kuitika."

"Niliogopa."

"Najua." Akavua miwani, akaipangusa kwa sare ile. "Mimi niliwawekea mbingu isiyo na adui kwa sababu sikujua Hawa angefanya nini adui akija. Sikuthubutu hata kumuuliza. Sasa wewe umeshajua. Anaogopa, anazima taa, anakawia, halafu anafungua. Kaandike hivyo."

Nataka kumshika mkono. Nanyoosha wangu, na kilichonijia kiganjani kilikuwa ncha ya mto wa kitanda.

Nilikaa kitandani nimelowa jasho, nami natabasamu peke yangu gizani. Nilikuwa hai! Nilikuwa nimemwitikia, na nilikuwa hai. Nikampigia Shaibu simu bila hata kunawa uso.

"Vita vyako ninavyo," nikamwambia. "Mabomu, moshi, kila kitu. Lakini Hawa anafungua mlango."

"Akiwa timamu?" Sauti yake ilikuwa bado ya usingizi. "Wakimuua je?"

"Hata yeye hajui kama watamuua. Anatetemeka, Shaibu. Zima taa, wanyamazishe watazamaji wako wasikie anavyotetemeka, halafu anafungua."

Nikamsikia anajiinua, kitanda chake kinalia.

"Na wakishaingia?"

"Anawatafutia pa kukaa."

Nikasikia anapekua karatasi, anatafuta kalamu.

"Wako wangapi?" akauliza.