Mchanga wa Kocha Bosco

Rafiki yangu, nakuambia haya kama ninavyomwambia dada yangu tukiwa jikoni: mpaka leo siwezi kuvumilia harufu ya mchanga mbichi ndani ya gunia. Ni harufu ya samaki, ya plastiki iliyopigwa na jua, na ya jasho la mguu. Nilitembea nayo msimu mzima pale Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne. Tulikuwa bado wageni kutoka Kivu ya Kusini, nyumba yetu miti na shitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada. Balaa la mchanga huo tuliletewa na mtu mmoja wa Kakoba, kule Mbarara, jina lake Bosco. Alivaa buti za jeshi, watu wakamwita Afande, naye akaitikia, ingawa jeshi alilijua kwa kupita nje ya kambi ya askari akiuza sambusa. Alikuja na filimbi shingoni akatangaza kwamba shule moja ya bweni Mbarara inatafuta msichana mkimbizi wa kucheza voliboli, na itamsomesha bure mpaka amalize. Itamchukua anayeruka juu kuliko wote. Mimi kusoma kwenyewe nilikuwa bado sijui vizuri, vita ilitutoa darasani mapema. Elewa basi jinsi nilivyoitaka nafasi ile.

Kuruka kulipimwa kwenye ukuta wa udongo. Unachovya vidole kwenye unga, unasimama wima unagusa ukuta, halafu unaruka unagusa tena. Nafasi iliyo kati ya alama mbili ndiyo kuruka kwako. Hiyo ndiyo akili pekee aliyokuwa nayo Bosco, na hata unga ulikuwa wetu. Mama aliponikuta nachota kwenye mgao alipiga kelele: "Mapendo! Bunga ni ya kukula, haiko ya kupakala ku ukuta!" Mengine yote ya Bosco yalikuwa mchanga. Tulikata magunia, tukashona vifuko, tukavijaza mchanga wa ziwani, tukaulowesha uzidi uzito, tukavifunga kwenye vifundo vya miguu kwa mpira wa tairi la baiskeli. Tuliruka navyo kwenye ardhi ngumu jua la mchana, tukachota maji navyo, tukalala navyo. Hakuna siku ya kupumzika. Ukisema magoti yanauma, anacheka: "Kama mguu hapana uma, hapana ruka!" Nimeona wajinga wengi maishani, lakini mjinga mwenye filimbi ni mmoja tu.

Nyumbani kwetu Jumapili haikuguswa. Maji yalichotwa Jumamosi, maharage yalichemshwa Jumamosi, na Jumapili kutwa tulikaa kanisani juu ya mikeka mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni Mama alinifungua vifuko vyangu na kuvitupa nje. Bosco akasikia, akaja mlangoni amevimba.

"Mama, kesho iko mazoezi. Hapana leta maneno ya kanisa. Mungu hapana ruka, taruka huyu msichana."

Mama alikuwa anachagua maharage, hakuinua hata kichwa. "Na muchanga, baba, iliisha kuruka? Miye naona iko tu pa chini."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo watoto walimwita Baba Muchanga.

Sasa sikiliza. Kila Jumatatu alama yangu ilipanda ukutani, na za wenzangu, waliorushwa hata Jumapili, zilikuwa zinashuka. Bosco aliziona kwa macho yake mawili, akasema, "Unaona? Mchanga!" Mtu wa namna hiyo utamfundisha nini? Mtihani wenyewe ulipangwa Jumatatu. Jumapili ya kuamkia siku hiyo akawarusha wenzangu wote mpaka giza, eti kumalizia. Asubuhi Furaha, jirani yetu, aliyenishinda tangu mwanzo, alikuwa anatetemeka magoti kabla hajachovya vidole. Nilimpita kwa kiganja kizima.

Mwalimu wa kike aliyetoka Mbarara alifurahi, akanishika bega. Halafu akaniuliza, "Mechi zetu nyingi ni Jumapili. Utacheza?"

Bosco alininong'oneza, "Sema ndiyo, wewe!"

Nilimwangalia Mama. Safari hii aliniachia mwenyewe niamue. Nikasema, "Hapana, madamu."

Nafasi alipewa Furaha. Alirudi kabla mwaka haujaisha, magoti yamevimba kama maboga. Hakusoma yeye, sikusoma mimi. Leo anauza nyanya sokoni Rugaaga, na kuinuka kwenye kiti chake mpaka ashikwe mkono. Mimi nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa mke wa mtu, katika masomo ya jioni hapa Mbarara, mtoto mgongoni. Shule ile niliililia miaka mingi. Jibu langu sikulililia hata siku moja.

Sasa binti yangu anaruka, na kocha wake ana simu kubwa badala ya filimbi, na vyuma vya kufunga miguuni badala ya mchanga. Nimemwambia vyuma ajifunge yeye. Ukuta wa sebule yangu umejaa alama za unga, na kila Jumatatu kuna moja mpya juu ya zote. Wageni wanauliza kwa nini sizifuti. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kamsimulie mama mwenye msichana anayefungwa mizigo miguuni. Msimulie leo, kabla magoti hayajavimba.